Kikundi Kinapokwenda Nane Nane: Namna ya Kurudi na Majibu, Si Kofia Tu

Mara ya kwanza kikundi chetu kupeleka watu Nane Nane Dodoma, walirudi na kofia saba, furushi la vipeperushi na picha kibao wakiwa wamesimama mbele ya matrekta. Mkutano ulipokaa, mzee mmoja wa nyuma alinyoosha mkono: "Mlipokuwa huko, mliuliza habari ya alizeti yangu?" Kimya. Mwenyekiti akakohoa. Laki saba za kikundi zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyekumbuka hata kwamba mzee yule alikuwa na shida ya alizeti.

Mimi ndiye katibu, na nilikuwa miongoni mwa wenye kofia. Tangu hapo tumebadili utaratibu mzima. Ninaueleza hapa kwa kufuata kalenda, maana kosa kubwa la vikundi vingi ni kuanza kujiandaa mwishoni mwa Julai, wakati maonesho yanafunguliwa tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8. Sisi ni wa Kilosa, mkoani Morogoro, tunalima alizeti, mahindi na ufuta. Wewe wa mpunga au korosho utabadilisha mazao, utaratibu ni uleule.

Machi na Aprili: piga picha shambani

Ndiyo, miezi minne kabla. Agosti mashamba mengi yamekauka, huna jani la kumwonesha mtaalamu, na kumweleza ugonjwa kwa mdomo ni sawa na kumweleza fundi mlio wa pikipiki iliyobaki nyumbani. Mjumbe mwenye simu nzuri apite kwenye mashamba yenye matatizo na apige picha nne kwa kila tatizo: shamba zima kwa mbali, mmea mmoja kuanzia shinani hadi kileleni, jani upande wa juu, na jani lilelile upande wa chini. Weka sarafu kando ya mdudu au doa ili ukubwa uonekane. Kisha andika tarehe, jina la mwenye shamba, mbegu aliyopanda, mbolea na dawa aliyotumia, na siku aliyoitumia. Hayo ya mwisho ndiyo watu huyaruka, na ndiyo mtaalamu anayoyauliza kwanza.

Mei: barua, na kujua maonesho yako wapi

Nane Nane hufanyika kwenye viwanja vingi vya kanda: Themi Arusha, Ngongo Lindi, John Mwakangale Mbeya, viwanja vya Mwalimu Nyerere Morogoro na kwingineko. Ya kitaifa huhama. Mwaka 2018 hadi 2020 yalikuwa Nyakabindi mkoani Simiyu, 2022 na 2023 Mbeya, 2024 yakaja Nzuguni, Dodoma. Muulize afisa ugani wa kata kabla hujaweka gesti. Na msidharau ya kanda. Kama fedha ni ndogo, watu wanane Morogoro wana faida kuliko wawili Dodoma. Sisi huenda ya kitaifa kwa sababu moja: taasisi huleta watu wao kutoka vituo vya mbali, na wanunuzi wakubwa hawakosi.

Barua iende ofisi ya kijiji, nakala kwa afisa ugani na kwa afisa kilimo wa wilaya. Ieleze mambo mawili tu: kikundi kinatuma watu wangapi, na kina bidhaa gani inayoweza kukaa kwenye banda la halmashauri. Halmashauri huwa na banda lake na huhangaika kutafuta vitu vya kuonesha. Ukiwahi, mafuta yenu ya alizeti yanapanda gari la halmashauri na kukaa mezani bila ninyi kulipia banda. Ukichelewa hadi Julai, meza imeshajaa maboga ya kata nyingine.

Juni: nani aende

Hapa ndipo vikundi huvunjika. Mwenyekiti anaona ni haki yake, mweka hazina naye, na katibu (nakiri) hakosi sababu. Sisi tuliweka kanuni kwenye mkutano mkuu, ikaandikwa kwenye muhtasari na kupigwa mhuri. Kati ya watu watano, kiongozi ni mmoja tu. Wanawake wasipungue wawili, tena wanaoshika jembe wenyewe. Kijana mmoja anayejua simu. Mmoja awe mbishi. Msicheke, mtu anayehoji kila kitu ni hazina mbele ya muuza mashine. Aliyekwenda mwaka jana harudi mwaka huu, isipokuwa mmoja wa kuwaonesha wenzake njia.

Posho nayo iamuliwe hapohapo. Bajeti yetu ya mwisho kwa watu watano, siku nne, usiku tatu, ilikuwa hivi: nauli ya kwenda na kurudi pamoja na bodaboda hadi stesheni, 250,000. Vyumba vitatu kwa usiku tatu, 225,000. Chakula 12,000 kwa mtu kwa siku, jumla 240,000. Usafiri wa mjini na kiingilio kama kipo, 60,000. Dharura 50,000. Jumla shilingi 825,000. Hakuna "posho ya kujikimu" juu ya hapo. Anayekwenda anakula, analala na kurudi, basi. Tulipoondoa posho, ugomvi wa nani aende ulipungua nusu.

Julai: daftari la maswali

Hili ndilo moyo wa safari. Nunua daftari jipya la kurasa mia. Kila kaya ya mwanachama inatoa swali moja, linaandikwa kwa namba na jina la mwuliza. Watu watasema hawana swali. Usikubali. Muulize mtu, "Msimu huu kipi kilikuuma?" Hapo atazungumza mpaka umkatishe.

Swali likija bovu, lichonge kabla ya safari. "Mbegu gani nzuri ya mtama?" halina jibu, maana mtafiti atakutajia tatu na kukupa kipeperushi. Liandike hivi: "Shamba langu ni tifutifu, mvua inakata mapema, ndege ni wengi. Mbegu gani ya mtama inakomaa haraka, ekari moja inakula kilo ngapi, na nitaipata wapi karibu na Kilosa kabla ya mvua?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kipeperushi.

Mwezi huohuo chukueni sampuli za udongo, kwa kuwa mara nyingi yapo mabanda yanayopima udongo au kuupokea kwa ajili ya maabara. Tembea shambani kwa mwendo wa nyoka na chimba sehemu kumi na tano hadi ishirini. Kila sehemu chota udongo kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20 hivi, tia kwenye ndoo safi. Epuka palipokuwa na kichuguu, zizi au jivu. Changanya vizuri, toa mawe na mizizi, anika kivulini, kisha funga nusu kilo kwenye mfuko mpya wa nailoni. Usitumie mfuko uliobeba mbolea, hata kama umeuosha. Lebo ziwe mbili, moja nje na moja ndani, zenye jina, kijiji na zao la msimu uliopita. Ukiwa na mashamba matatu yenye udongo tofauti, hizo ni sampuli tatu. Usizichanganye kupunguza mzigo.

Mengine ya kufungasha: nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, TIN, namba ya akaunti ya benki, mhuri, namba za usajili wa wakulima wenye malalamiko ya mbolea ya ruzuku, na vikaratasi vyenye jina la kikundi, mazao na simu mbili. Sisi tunavichapa stendi, kumi na sita kwa ukurasa mmoja, tunavikata kwa mkasi. Na masweta. Dodoma mwezi wa nane usiku ni baridi, mchana upepo na vumbi. Mwenye kifua abebe barakoa.

Mwenye bidhaa abebe kidogo kilicho safi: kilo mbili mbili za nafaka kwenye mifuko inayoonesha ndani, mafuta kwenye chupa yenye lebo. Kama bado hamna alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, pitieni kwanza SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho. Na mjue hesabu zenu: mna tani ngapi, zitakuwa tayari lini, unyevu ni kiasi gani. Mnunuzi wa mahindi hataki unyevu unaozidi asilimia 13.5, na akikuuliza ukajibu "yamekauka vizuri tu, bosi," ameshageuka kuongea na mwingine. Msitaje magunia, tajeni kilo. Gunia lenu la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, si sifa mbele ya mtu mwenye mzani.

Siku za kwenda

Fikeni tarehe 3 au 4, muondoke tarehe 6 au 7. Najua watu wanataka kuwepo tarehe 8 wamwone mgeni rasmi, mara nyingi Rais mwenyewe. Mwenye hamu hiyo aende kwa nauli yake. Siku ya kilele kuna foleni za ukaguzi, njia zimefungwa, wataalamu wamevaa fulana mpya wanasubiri msafara, na hakuna atakayekaa na wewe robo saa juu ya viwavijeshi. Tarehe 1 nayo si nzuri, nusu ya mabanda bado yanapigwa misumari.

Kutoka Kilosa tunapanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inatufikisha Dodoma bila kuzungukia Morogoro. Wanaokuja kwa basi kutoka Dar au Morogoro wana bahati zaidi, kwa kuwa stendi kuu iko hukohuko Nzuguni, jirani na viwanja na Soko la Ndugai. Gesti wekeni mwezi mmoja kabla na mlipe kianzio mpate risiti. Mwaka mmoja tulikubaliana bei kwa simu tu. Tulipofika saa tatu usiku vyumba vimepewa wengine, tukalala watano kwenye chumba kimoja, mwenyekiti akiwa kwenye kiti.

Ndani ya viwanja

Saa ya kwanza msisimame popote. Zungukeni wote kwa pamoja, mkiandika banda gani liko wapi. Baada ya hapo gawaneni wawili wawili kwa maswali, si kwa urafiki. Jozi ya mbegu na magonjwa iende TARI (watafiti wa kilimo), kisha kwa Wakala wa Mbegu ASA, TOSCI (wathibitishaji wa mbegu) na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Jozi ya fedha na soko iende kwa TADB (Benki ya Maendeleo ya Kilimo), mabenki mengine, Tume ya Maendeleo ya Ushirika na bodi za mazao. Wa tano, yule mbishi, aende kwenye mashine.

Anzeni na vipando asubuhi. Vipando ni vile vishamba vya mfano vinavyomwagiliwa maji ili mazao yawe mabichi wakati nchi nzima imekauka. Kabla ya saa nne watafiti wako kwenye mimea, hawajachoka, na wanafunzi wa shule hawajafika kwa mabasi. Lakini kumbukeni kwamba kipando kimelelewa kama mwana wa pekee: maji kila siku, mbolea kwa wakati, palizi ya mkono. Uliza kila mara, "Bila umwagiliaji, kwa mvua peke yake, ingetoa kiasi gani?"

Nieleze kisa cha mzee wa alizeti, maana safari iliyofuata swali lake lilikuwa namba 1. Mama aliyepewa kulibeba alimkuta mtafiti kijana kwenye kipando cha alizeti, akamfungulia picha: vichwa vikubwa, vizuri kwa nje, lakini ukibonyeza mbegu, maganda matupu.

"Shikamoo, mama. Hii alipanda mbegu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Record."

"Alipuliza dawa?"

Mama akafungua daftari. "Alipuliza. Tarehe hii hapa, maua yalikuwa yamefunguka."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua halijawa kali."

Kijana akatikisa kichwa. "Hapo ndipo penye kazi, mama. Asubuhi ndiyo saa ya nyuki. Alizeti isipopata nyuki, kichwa kinakua lakini mbegu haijazi. Joto kali na ukame navyo huchangia, na udongo wenye upungufu wa boroni pia, lakini aanze na hilo la dawa. Asipulize maua yakiwa wazi. Ikimlazimu kabisa, apulize jioni nyuki wakisharudi, na achague dawa isiyowaua."

Dakika tano. Na kijana yule alikuwa wa TARI Ilonga, kituo kilichoko hapahapa Kilosa, umbali wa bodaboda kutoka kwetu. Tulisafiri hadi Dodoma kumfahamu jirani. Tulicheka, lakini namba yake ndiyo iliyotufaa kuliko kitu kingine chochote cha safari ile.

Kwenye mbegu ulizeni jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji wenyewe: ni chotara au ni ya kawaida? Chotara huzaa sana msimu wa kwanza, lakini ukihifadhi mbegu yake ukaipanda tena hupati mazao yaleyale, hivyo kila mwaka utanunua. Record, ambayo ni ya kawaida, unaweza kuirudia misimu kadhaa ukiitenga vizuri. Hakuna iliyo mbaya, ila fanya hesabu ukijua. Mkinunua, hakikisheni pakiti ina lebo ya TOSCI, na muhakiki namba yake kwa simu hapohapo mbele ya muuzaji. Uso wake utawaambia mengi.

Kwenye mashine, kiherehere kiko juu. Muziki, bei ya maonesho, "leo tu, mzee wangu, kesho inapanda". Mwenzetu mmoja alinunua mashine ya kupukuchua mahindi kwa fedha zake. Ilifanya kazi vizuri mpaka mkanda ulipokatika wiki ya tatu ya mavuno. Mkanda wa saizi ile haukupatikana Kilosa wala Morogoro, na simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Mashine sasa inalaliwa na kuku. Kwa hiyo kanuni yetu: hakuna kununua mashine kwenye maonesho. Unauliza bei, spea zinauzwa duka gani karibu nasi, fundi ni nani, inakula mafuta lita ngapi kwa gunia, na unaomba majina ya wateja wawili wa mkoa wetu. Na ipukuchue mahindi yako, si yao. Mbishi wetu hubeba debe la mahindi yasiyopukuchuliwa kutoka nyumbani kwa ajili hiyo. Watu humshangaa, yeye hajali.

Kuhusu mikopo, msikubali kuongea na kijana wa kugawa kalamu, ombeni afisa mikopo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki ili yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, kwa hiyo muwe na ujasiri wa kuuliza, "Riba ya kilimo kwenu ni ngapi kwa mwaka?" Wakikutajia ya mwezi, zidisha kwa kumi na mbili mbele yao. Kisha: dhamana ni nini kwa kikundi kisicho na hati? Marejesho yanaanza baada ya mavuno au mwezi unaofuata? TADB ina mpango wa kudhamini mikopo inayotolewa na mabenki mengine, waulizeni benki ipi ya wilayani kwenu imo.

Malalamiko ya mbolea ya ruzuku, kama namba kutoonekana kwenye mfumo, mpeleke TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, mkiwa na namba ya mkulima mkononi. Ukienda kulalamika kwa jumla utapewa pole kwa jumla. Na kwa wenzetu wa ufuta, banda la ushirika ndilo la kuuliza minada ya stakabadhi ghalani (mazao hukaa ghalani na kuuzwa kwa mnada) inavyokwenda, makato ni yapi, na fedha huingia baada ya siku ngapi.

Jioni, kabla ya kulala

Kaeni pamoja nusu saa. Kila jozi isome majibu, katibu aandike: namba ya swali, jibu, banda, cheo cha aliyejibu, simu yake. Msiiachie kesho. Baada ya mabanda arobaini mtu hukumbuka mziki wa banda kuliko maneno yake. Maswali yasiyopata jibu yanapangiwa mtu wa kuyafuata asubuhi. Risiti nazo zinakusanywa jioni hiyohiyo, na pasipo risiti, kama kwa mama lishe, andikeni kwenye karatasi watu wawili wasaini.

Mkirudi

Mkutano ufanyike ndani ya siku kumi. Msisome ripoti ya safari, "tulianza safari saa kumi na mbili asubuhi", watu watasinzia. Soma swali kwa jina la mwuliza na jibu lake, moja baada ya jingine. Mzee wa alizeti alipoitwa jina lake, akasimama kusikiliza. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisini, na salio lirudi benki.

Kisha chagueni vitu viwili tu vya kujaribu. Vikiwa vitano mtaacha vyote. Sisi tulitenga robo ekari ya shamba darasa, tukaigawa mistari ya mbegu mbili mpya kando ya ile ya zamani, mbolea ileile, siku ileile ya kupanda, bila umwagiliaji. Mbegu iagizwe kufikia Oktoba, kwa sababu msimu ukikaribia mawakala huishiwa au hupandisha bei. Na yule mtaalamu aliyewapa namba apigiwe ndani ya wiki mbili, angali anawakumbuka. Mwambie, "Sisi ni wale wa picha za alizeti." Wa Ilonga tulimfuata kwa bodaboda, akaja kuukagua mstari wetu mara mbili bila malipo, tukampa chakula cha mchana na kuku mmoja.

Maswali yaliyokosa majibu hayafutwi. Yanahamishiwa ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka unaofuata, na mwenye swali anaambiwa wazi kwamba bado. Mwaka huu tunaanza na manne.